Daftari la Mfanyabiashara Maabarani

Kijana wa sayansi anayefungua lahajedwali leo, awe anasomea kemia Nairobi au elimu ya viumbe Dar es Salaam, ili apange humo vipimo alivyovitwaa maabarani, aghalabu hadhani kwamba chombo kile kina nasaba, wala kwamba nasaba hiyo si ya maabara hata kidogo. Amefundishwa kujaza seli, kuandika fomula, kuchora grafu na kuihamishia katika ripoti yake. Na maadamu kila mwalimu na kila mwenzake hutumia chombo kilekile, huona kana kwamba kiliumbwa makusudi kwa kazi hiyo. Sivyo. Lahajedwali ilizaliwa kwa ajili ya mtu wa biashara anayekadiria faida yake, na programu ya kuandikia ilizaliwa mezani kwa karani wa barua. Wanasayansi walivikuta vyombo hivi vimekwisha kuumbwa, wakaviazima, na gharama ya kuazima huko haijamalizika kulipwa mpaka hivi leo.

Si kwamba watu wa elimu hawakuwa na majedwali yao wenyewe. Walikuwa nayo, tena ya fahari. Wanafalaki wa Kiislamu, tangu zama za al-Khwarizmi huko Baghdad katika karne ya tisa, walitunga vitabu vya zij, ambamo mwendo wa jua, mwezi na sayari umepangwa safu kwa safu pamoja na thamani za sini za pembe mbalimbali, ili mwenye kutafuta wakati wa sala au kupatwa kwa mwezi asilazimike kuanza hesabu tangu alifu. Na zij ya Ulugh Beg, iliyotungwa Samarkand katika nusu ya kwanza ya karne ya kumi na tano, iliheshimiwa mashariki na magharibi kwa usahihi wa tarakimu zake. Mwaka 1614 John Napier wa Scotland alitangaza logi zake, ambazo hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha. Mwaka 1624 Henry Briggs akachapisha logi za namba 30,000 kwa tarakimu kumi na nne, akiacha pengo kubwa katikati, na pengo hilo likazibwa mwaka 1628 na Adriaan Vlacq wa Uholanzi.

Waliosoma sekondari katika Afrika Mashariki kabla ya vikokotoo kuenea hawahitaji kuelezwa habari za kijitabu chembamba cha tarakimu nne, kizazi cha mbali cha kazi ya Briggs, ambacho kiliingia nao katika chumba cha mtihani. Mwenye kutaka kuzidisha 3.142 kwa 27.6 alitafuta logi ya ile ya kwanza, akapata 0.4972, akatafuta ya pili, akapata 1.4409, akajumlisha, ikawa 1.9381, akaenda jedwali la antilogi, akarudi na 86.72. Kazi ilikuwa ndefu, lakini ilikuwa na adabu yake, kwani mwanafunzi alijua daima kwamba jibu lake lina tarakimu nne za kuaminika na hapana zaidi. Kikokotoo kilipokuja na tarakimu zake nane au kumi, elimu hiyo ndogo ya unyenyekevu ilikuwa ya kwanza kupotea.

Jedwali la namna hiyo lilikuwa na tabia mbili. Kwanza, lilikuwa halibadiliki: limekwisha kupigwa hesabu na watu wengine, likapigwa chapa, na msomaji hakuwa na la kufanya ila kulisoma. Pili, ghalati zake zilikuwa za mpiga hesabu au za mpiga chapa, nazo hazikuwa chache. Charles Babbage, alipokuwa akikagua majedwali ya falaki pamoja na John Herschel mwaka 1821, alizikuta nyingi mno hata akaazimia kuunda mashine ambayo ingepiga hesabu na kuchapa pasipo mkono wa mwanadamu. Fikra hiyo ya Babbage ilielekea katika jedwali la mwanachuoni, jedwali ambalo likikamilika limekamilika.

Karatasi ya mhasibu ni jamii nyingine kabisa. Ni karatasi pana yenye mistari na safu nyingi, ambamo mauzo ya kila mwezi, mishahara, riba na kodi ya pango hukaa katika nafasi zao, na kila jumla ya chini na ya pembeni hutegemea zile zilizo juu yake. Hivyo mwenye mali akiamua kwamba riba si asilimia kumi bali kumi na mbili, karani hana budi kushika raba, afute na kuandika upya kutoka ukingo hata ukingo. Mwaka 1961 Richard Mattessich, mwalimu wa uhasibu, alikwisha kuandika kwamba karatasi hiyo ingeweza kuwekwa ndani ya kompyuta, na baada ya miaka michache akachapisha programu za kufanya hivyo. Lakini kompyuta za siku hizo zilikuwa mali ya mashirika makubwa, wala mtu wa kawaida hakuzigusa.

Aliyeliweka jambo hilo mezani kwa kila mtu ni Dan Bricklin, na inafaa tukae kidogo na kisa chake, kwa maana tabia zote za chombo, nzuri na mbaya, zimo ndani yake. Mwaka 1978 Bricklin alikuwa mwanafunzi wa biashara katika chuo kikuu cha Harvard, naye alikwisha kufanya kazi ya kutunga programu, zikiwamo za kuandikia. Profesa alikuwa akijaza ubao kwa jedwali la mipango ya uzalishaji, na kila alipogundua kosa au alipotaka kubadili kadirio moja, alifuta msururu mzima wa namba na kuziandika upya. Bricklin akaanza kuwaza kikokotoo cha ajabu, chenye gololi chini yake mithili ya kipanya cha kompyuta, na namba zikielea mbele ya macho kama zinavyoelea mbele ya rubani wa ndege ya kivita. Ndoto hiyo ilipungua kidogo ilipokutana na vifaa vilivyokuwapo, na kilichobaki kilikuwa safu zilizopewa herufi, mistari iliyopewa namba, na fomula inayosema kwamba seli hii ni jumla ya zile.

Mwenzake Bob Frankston ndiye aliyeiandika programu yenyewe, akifanya kazi usiku kwa kuwa muda wa kompyuta kubwa ya MIT aliyoitumia ulikuwa rahisi zaidi saa hizo. Na wakati ingali haijakamilika, Bricklin aliitumia darasani kukadiria mambo ya biashara ya Pepsi kwa miaka mitano mbele. Ilitoka mwaka 1979 kwa jina la VisiCalc, kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, ikiwa na safu 63 na mistari 254. Watu wakawa wanaingia dukani kununua programu, kisha ndipo wananunua kompyuta ya kuiendeshea.

Insafu yatupasa kusema kwamba sini, kosini na logi zilikuwamo ndani ya VisiCalc, kwa hiyo mhandisi hakusahauliwa kabisa. Lakini ilikuwamo pia kanuni ya kukokotoa thamani ya leo ya fedha za kesho, na amri maalumu ya kuifanya namba ionekane kwa dola na senti. Mfanyabiashara ndiye mgeni wa heshima aliyetandikiwa jamvi. Mwanzoni mwa 1983 ikatoka Lotus 1-2-3 ya Mitch Kapor, kwa kompyuta za IBM, nayo ikaifunika VisiCalc kwa kasi na kwa grafu zake; na mwaka 1985 Microsoft ikatoa Excel, kwanza kwa Macintosh, kisha mwaka 1987 kwa Windows. Katika 1-2-3 alama ya dola ilipewa kazi nyingine, ya kuizuia seli isisogee fomula inaponakiliwa, na kwa hiyo mpaka leo mwanafunzi wa fizikia anayetaka kuzidisha vipimo mia kwa kani moja ya mvutano huandika alama ya fedha ya Marekani mara mbili, pasipo kuona ajabu.

Kuna urithi mwingine wa 1-2-3 ambao wanafunzi wa falaki hasa wangepaswa kuujua. Programu hizi huihifadhi tarehe kama hesabu ya siku tangu mwanzo wa mwaka 1900, na 1-2-3 iliuchukulia mwaka huo kuwa mrefu, wenye tarehe 29 Februari, ilhali kalenda ya Gregori hairuhusu jambo hilo kwa mwaka wa karne usiogawanyika kwa 400. Excel ilipokuja, watunzi wake walijua kwamba siku hiyo haikuwahi kuchomoza. Lakini kwa kuwa walitaka mafaili ya wateja wa 1-2-3 yafunguke bila kubadilika, wakaiacha siku hiyo ya uongo ndani, na imo hadi sasa, ni siku ya 60. Mwenye duka haimdhuru, kwa sababu madeni yake si ya mwaka 1900. Mtu wa sayansi anayepanga kumbukumbu za mvua za mwaka huo ndiye atakayeikuta.

Upande wa kuandika, historia ni fupi zaidi lakini mwendo wake ni uleule. Mwaka 1964 IBM ilitoa mashine ya chapa iliyohifadhi maneno katika utepe wa sumaku, ili karani aliyekosea mstari mmoja asichape barua nzima upya, na kutoka hapo safari ikaendelea mpaka programu za WordStar, WordPerfect, na Word iliyotoka mwaka 1983. Mteja aliyekusudiwa alikuwa ofisi. Mwanasayansi, ambaye hati yake imejaa herufi za Kigiriki, vipeo na alama za integrali, alikuwa amezoea kuacha nafasi wazi katika karatasi iliyopigwa chapa na kuzijaza kwa kalamu. Aliyekuwa na uwezo alinunua gololi ya pili ya herufi kwa mashine ya chapa ya Selectric, yenye alama za hisabati, na karani akaibadilisha kila fomula ilipofika.

Mmoja tu, katika wale ninaowajua, alikataa kuazima. Mwaka 1977 Donald Knuth wa chuo kikuu cha Stanford, alipoletewa sampuli za chapa mpya ya juzuu la pili la kitabu chake juu ya sanaa ya kutunga programu, aliona hisabati zake zimekuwa mbaya kwa mitambo mipya ya uchapaji, akaacha kitabu na kushika kazi ya kutunga mfumo wa kupanga herufi, akidhani itamchukua muda mfupi. Ilimchukua miaka mingi. Mfumo huo ni TeX, na juu yake Leslie Lamport akajenga LaTeX katika miaka ya themanini. Wanahisabati na wanafizikia wakahamia huko, wakabaki huko. Wanakemia, wanabiolojia na madaktari kwa sehemu kubwa wakabaki na chombo cha karani. Sioni kwamba hawa walikosa busara, maana TeX humtaka mtu aandike amri kwanza ndipo aone sura ya ukurasa, na mwenye ripoti ya kurasa kumi aitakayo mwalimu kesho hana subira hiyo.

Huku kwetu nasaba ya kompyuta ni ileile ya kihasibu. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, si kwa ajili ya maabara yoyote bali kwa hesabu za serikali. Matokeo hayakuridhisha, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, marufuku ambayo ililegea baadaye, pole kwa pole. Zilipoanza kuenea, kozi zilizofundishwa mijini zilikuwa za watu wa ofisi: barua rasmi, orodha ya mishahara, bajeti ya harusi. Mwanafunzi wa sayansi aliketi katika darasa hilohilo. Na kwa kuwa wengi hawakuwa na mashine zao, yakachipuka maduka ya steshenari karibu na vyuo, ambako mwenye tasnifu alikabidhi mswada wake ulioandikwa kwa mkono kwa kijana hodari wa kuchapa, naye akasimama nyuma ya kiti chake akimwomba, "Samahani kaka, hiyo mbili ishuke chini kidogo," kwa sababu kaboni dioksidi ilikuwa ikitoka na mbili kubwa kama herufi zake, na maikrogramu ilikuwa ikiandikwa kwa u ya kawaida. Mwaka 2004 mradi uliofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kuandikia na ya lahajedwali yenye amri zake kwa Kiswahili, nayo ni kazi iliyostahili kupokewa vizuri zaidi kuliko ilivyopokewa.

Ni katika grafu ndipo mwanafunzi hukutana na mfanyabiashara uso kwa uso. Tuseme amepima jinsi mwanga unavyofyonzwa na myeyusho wa rangi, katika viwango vya 1, 2, 5 na 10, naye anatazamia mstari ulionyooka. Anachagua grafu iitwayo ya mstari, kwa kuwa jina lake ndilo alitakalo; kumbe grafu hiyo ilikusudiwa miezi ya mauzo, Januari, Februari, Machi, ambayo umbali wake ni sawa, nayo huziweka 1, 2, 5 na 10 kwa nafasi zilizo sawa, na mstari wake unatoka umepinda. Iliyomfaa ni ile ya nukta zilizotawanyika, inayoziheshimu namba za mhimili wa chini kama namba. Nimeona ripoti ambazo ndani yake mwandishi anaeleza kwa ufasaha mkubwa sababu za kikemia za mpindo ambao haukuwamo katika chupa. Hali kadhalika, mwanafunzi akipima uzito wa gramu 2.50 na kuuandika, seli huibakiza 2.5, na ile sifuri iliyoshuhudia ubora wa mizani yake hutoweka pasipo kuulizwa.

Fauka ya hayo zimo hitilafu za ndani. Kwa miaka mingi, mpaka toleo la 2003, Excel ilikokotoa mkengeuko sanifu kwa njia ya mkato, yaani kwa kutoa namba moja kubwa kutoka kwa nyingine kubwa inayokaribiana nayo. Vipimo vikiwa kama 100,000,001 na 100,000,002 na 100,000,003, ambavyo mkengeuko wake ni 1 dhahiri, vipeo vyake vya pili vina tarakimu kumi na saba, ilhali programu hushika kumi na tano tu. Kilichokuwa kikitafutwa kilikuwa katika zile zilizotupwa. Wanatakwimu walilalamika mapema, na marekebisho yalikuja kwa kuchelewa.

Lakini ghalati zilizovuma zaidi ni za mkono wa mwanadamu. Mwaka 2010 wanauchumi Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff walitoa makala iliyosema kwamba nchi ambazo deni lake limepita asilimia tisini ya pato la taifa, uchumi wake kwa wastani hupungua kwa asilimia 0.1, na wanasiasa wengi wakaishika hoja hiyo. Mwaka 2013 Thomas Herndon, mwanafunzi wa chuo kikuu cha Massachusetts kule Amherst, aliyepewa zoezi la kurudia hesabu za makala mashuhuri, aliomba lahajedwali yenyewe akapewa, na humo akakuta fomula ya wastani imeishia mstari wa 44 badala ya 49, hivi kwamba Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark zimeachwa nje. Fomula hiyo ilikuwa sehemu tu ya tofauti, kwani yeye na waalimu wake walipinga pia jinsi data zilivyochaguliwa na kupimwa uzito. Hesabu yao ilitoa ukuaji wa asilimia 2.2. Na katika vuli ya 2020, wakati wa korona, wagonjwa 15,841 wa Uingereza hawakuingia katika hesabu ya taifa kwa siku kadhaa, kwa kuwa matokeo ya maabara yalipitishwa katika faili la muundo wa zamani usiochukua zaidi ya mistari 65,536, na iliyozidi ilidondoka kimya.

Mwaka 2018 Karl Broman na Kara Woo waliandika mwongozo mfupi wa kupanga data katika lahajedwali, ambao ningependa kila mwalimu wa mwaka wa kwanza ausome: tarehe ianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, seli moja ibebe jambo moja, rangi isitumiwe kuwa habari, na faili la vipimo asilia lisiguswe kwa hesabu yoyote, bali hesabu zifanywe katika nakala. Ukiyatazama maagizo hayo kwa makini, karibu yote ni namna ya kuizuia lahajedwali isifanye ile kazi iliyozaliwa nayo.

Hapana mahali ambapo madhara ya kazi hiyo yameonekana zaidi kuliko katika elimu ya jeni. Chombo cha biashara hudhani, na kwa mwenye duka hudhani sawa, kwamba kila kinachofanana na tarehe ni tarehe. Jeni iliyoandikwa SEPT1 ikageuzwa kuwa tarehe moja Septemba, na MARCH1 ikawa tarehe moja Machi. Alama ya utambulisho kama 2310009E13 ikasomwa kuwa namba yenye tarakimu ishirini, na kwa kuwa seli ilikwisha kulisahau andiko la kwanza, haikuwezekana kurudi. Watafiti walionya mwaka 2004. Mwaka 2016 uchunguzi wa makala zilizoambatanisha orodha za jeni katika Excel ulikuta kwamba takriban moja katika kila tano ina majina yaliyoharibika hivyo. Hatimaye kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaona ni rahisi zaidi kuzibadili jeni kuliko kuibadili programu: kufikia 2020 SEPT1 imekuwa SEPTIN1, MARCH1 imekuwa MARCHF1, na nyingine zaidi ya ishirini zimepewa majina ambayo Excel haiwezi kuyadhania kuwa kitu kingine. Mwaka uliofuata uchunguzi wa pili ulikuta makala zenye kasoro zimefika karibu asilimia 31. Mwaka 2023 Microsoft iliweka katika Excel mahali pa kuzuia ugeuzaji huo. Ila ugeuzaji wenyewe umeachwa ukifanya kazi kama kawaida, na asiyeutaka hana budi kwenda katika mipangilio, autafute, na auzime mwenyewe.